Kabla ya Jina, Kabla ya Jua

Huku kwetu mtoto hazaliwi na jina.
Hulisubiri, wiki kadhaa, hata miezi,
na jirani akiuliza unajibu tu: msichana.
Basi wewe, msichana,
uliyeingia Ísafjörður jua likiwa limeshatuaga,
limezama nyuma ya mlima na halirudi
hadi Januari inakaribia kwisha,
sikia nikuambie nisiyoweza kusema mbele ya watu.

Wiki ya kwanza sikukupenda.
Nilikutunza, ndiyo. Nilikuosha, nikakufunika,
nikakutazama kama mtu anavyotazama
mzigo wa jirani alioachiwa mlangoni.
Chuchu zilipasuka. Ulipokamata niliuma taulo,
nikihesabu hadi thelathini.
Dada yangu Hallbera akatuma ujumbe:
Furahia, wanakua upesi!
Nikaizima simu, nikaizika kwenye droo ya soksi.

Mkunga Arndís alikuja na theluji kwenye nyusi.
Hakunihubiria. Alivua viatu, akaomba kahawa,
akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu asiye na pengine pa kwenda,
akakugeuza kidogo tu, tumbo kwa tumbo.
Usimpelekee titi, akasema. Yeye ndiye aje.
Kisha akanyamaza, akanywa kahawa yake yote.

Sijui ulikuwa usiku wa ngapi.
Sturla yuko barabarani na greda la theluji,
taa yake ya rangi ya chungwa inapita ukutani,
inakwenda, inarudi.
Ukalia.
Kabla sijakaa, kabla sijakubali,
kifua kikanisisimka, gauni likalowa.
Mwili wangu ulikuitika kabla yangu.
Nikacheka peke yangu gizani: haya, nani kakuuliza wewe?

Ukashika. Haikuuma.
Nikakusikia ukimeza, ke, ke, ke,
kama mtu mdogo anayepanda ngazi na siri yake.
Mabega yangu, yaliyokuwa masikioni tangu Novemba,
yakashuka.
Kitu kama usingizi, lakini si usingizi,
kikanipanda kutoka nyayoni, vuguvugu, polepole.
Na ngumi yako, uliyoikunja tangu siku ya kwanza,
ikafunguka, kidole kimoja, kingine,
ikatua hapa, juu ya mfupa wa kifua,
kama mtu aliyefika kwake akaweka funguo mezani.
Kisha ukafumbua jicho moja,
lile la juu, bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi.
Ukaniangalia bila haraka.
Nikasema: kumbe ni wewe.

Sisemi kwamba kilio kilikoma.
Kesho yake nililia juu ya sufuria ya uji wa shayiri,
uji ukaungua, nikalilia na uji.
Lakini kila baada ya saa tatu
nilikuwa na mahali pa kwenda:
kiti cha bibi yako, blanketi lenye tundu,
uzito wako mkononi, pumzi yako yenye harufu ya mkate.
Arndís anakupima, gramu kwa gramu, anaandika daftarini.
Mizani yake haina sahani ya kunipimia mimi.
Ingekuwa nayo, angeona:
nami naongezeka.

Leo jua limerudi.
Mtaa mzima unanuka siagi, kila nyumba inakaanga chapati za maji,
watu wamesimama na vikombe vya kahawa
wakingoja dakika nne za mwanga kama wanaongoja basi.
Nimekaa nawe dirishani, blauzi wazi, sijali nani anaona.
Mwale umeingia, umegusa tone la maziwa kidevuni mwako.
Umekunja uso. Hukuachia.

Hallbera anataka tukupe jina lenye jua ndani yake.
Hapana.
Wewe ulikuja wakati jua halipo, ukatosha.
Jina lako ninalo, nililipata gizani,
nitamwambia baba yako akishaoga.
Kwa sasa badili upande, msichana.
Huu umekwisha.